Naomba ushauri: naamini usawa, ila nikipumzika najiona mkosaji

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mfeministi, sifichi, na mume wangu naye anakubali usawa. Lakini jana usiku alipokuwa anaosha vyombo nilishindwa kukaa. Nilisimama mlangoni moyo unanienda mbio, kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Na hata akisaidia, anayekumbuka chanjo ya mtoto, sare na dawa za mama mkwe ni mimi. Hilo ndilo linalonimaliza, wala si vyombo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake unataja malezi kuwa wajibu wa wote wawili. Kichwani nalijua, mwilini bado. Wiki ya tatu sasa silali vizuri. Mliopitia hili, mlianzaje kumwachia mwenzenu kazi ya kukumbuka? Na mshauri wa saikolojia, nimwone sasa?