Tumelipishwa "mchango wa wenyeji" Pangani, kisha tukaingizwa shambani kwa mtu bila hodi

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado na hasira, hivyo mniwie radhi. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu 34 katika matembezi ya miguu kandokando ya mto Pangani hadi mji mkongwe. Kila mmoja alilipa shilingi 45,000, na kwenye risiti, ambayo ninayo hadi sasa, pameandikwa wazi kwamba 10,000 kati ya hizo ni mchango wa wenyeji ambao tungepita mashambani mwao.

Tulipofika penye minazi, kiongozi wa msafara alitukatisha kwenye shamba la mihogo lenye matuta ya mchicha, eti tufupishe njia. Mimi nilikuwa nyuma, nikayaona matuta yakigeuka tope lenye alama za soli, na dada mmoja akisimama katikati ya miche apigwe picha. Mwenye shamba, mzee wa umri wa babu yangu, alikuwa pembeni na ndoo yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hata hodi?" Habari za mchango hakuwahi kuzisikia.

Wakulima wa huko chini wana yao ya kutosha. Maji ya mto yamepungua kwa sababu ya mabwawa na umwagiliaji wa huko juu, na chumvi ya bahari imekuwa ikipanda mtoni, ikaua minazi ya watu. Ndiyo maana mzee yule alikuwa akimwagilia kwa maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, miche ambayo sisi tuliikanyaga kwa dakika tano.

Mjini tulipewa dakika 20, na mbele ya Boma tukaambiwa kwamba Bushiri, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Bagamoyo, ilhali alinyongwa papo hapo Pangani, Desemba 1889. Hilo ningelimeza.

Jumatatu nilipowapigia waandaaji simu, nilijibiwa kwamba shamba lisilo na uzio ni njia ya wote. Sitawataja kwa jina mpaka nipate jibu la maandishi, lakini nakala ya risiti nitaipeleka kwa serikali ya mtaa. Kama nawe umewahi kutembea nao, tafadhali angalia risiti yako, uniambie kama umepata kumwona mkulima hata mmoja akikabidhiwa fedha, kwa maana za siku ile peke yake ni shilingi 340,000, na mzee hakulipwa hata gharama ya mbegu.