Acheni kutuuzia drili ya zege kwa kutusomea wati!

Wakuu, hili sasa limezidi. Mtu anatafuta mashine ya kutoboa matundu ya milimita 6 hadi 10 kwenye zege, muuzaji anamjibu: "Chukua hii, wati 1,100, inapiga mara 48,000 kwa dakika." Wati ni umeme unaoliwa na mota! Zege linavunjwa na nguvu ya kila pigo, nayo inapimwa kwa jouli (kipimo cha nishati). Namba hiyo ya jouli hawaisemi kabisa.

Drili ya kawaida yenye picha ya nyundo haina nyundo ndani. Ina sahani mbili za chuma zenye meno yanayorukana, na pigo linategemea unavyosukuma kwa mkono. Kwenye tofali inafaa. Kwenye zege, biti ikikuta kokoto ngumu inabaki kusaga palepale, ncha inapata moto hadi inabadilika rangi, na tundu haliendi. Rotari ya kweli (rotary hammer, drili yenye nyundo ndani) ina pistoni inayobana hewa, na hewa hiyo inarusha kipande cha chuma kinachogonga kitako cha biti. Unaishika imara tu, hauilalii.

Kabla hujalipa, angalia kichwa, yaani sehemu inayoshika biti. Kikiwa na meno matatu ya kukaza kwa ufunguo, iache. Kwenye SDS-Plus, kichwa cha rotari ndogo kisichotumia ufunguo, biti inaingia na kujifunga, ukiivuta haitoki, lakini inacheza mbele na nyuma kidogo. Mchezo huo ni wa lazima, usidhani ni ubovu.

Halafu kuna wanaomsukumia mtu dude la SDS-Max (kichwa cha rotari kubwa) la kilo 6 kwa ajili ya plagi za ukutani za milimita 6, zile za kushikia skrubu! Ni wizi. Mashine nzito mikononi inayumba, biti nyembamba inakatika au tundu linapanuka, plagi inazunguka ndani na skrubu haishiki. Hata kwenye SDS-Plus, maandishi ya "milimita 26 kwenye zege" ni kikomo cha mashine, siyo kazi yake ya kila siku. Kwa matundu haya, kilo 2 hadi 3 na jouli 1.5 hadi 2.5 zinatosha. Hakikisha ina klachi ya usalama, inayoachia mota biti ikinasa, maana biti ikinasa kwenye nondo bila klachi, mkono ndio unaozungushwa.

Na ninyi wauzaji, andikeni jouli na uzito wa mashine kwenye matangazo yenu. Msipoziandika, msishangae watu wakirudisha mashine.