Mtoto kachagua bluu siku tatu, shule inaniita

Kutoka: Mama Zuhura, Chicago

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Tuna mwaka wa pili hapa, tumetokea Kigoma. Zuhura yuko darasa la tatu. Wana somo la hisia, na kila asubuhi watoto huchagua rangi kuonyesha wanavyojisikia. Mwalimu ameniandikia kwamba mwanangu kachagua bluu siku tatu mfululizo, tena akisemeshwa hamtazami mtu usoni. Nimeitwa shuleni siku ya Alhamisi, na mshauri wa shule atakuwepo. Baba yake anahofia wanataka kumwandika mgonjwa wa akili. Jana sikulala. Nimtoe kwenye hilo somo? Kiingereza changu hakitoshi kikao, nafikiria kwenda na kaka yake wa miaka 14 anitafsirie.

Kutoka: Bi Mwanaidi, Aurora

Wa aleikum salaam, Mama Zuhura, pole sana mdogo wangu. Mimi ni mwalimu msaidizi, na rangi hizo naziona kila siku.

Bluu si ugonjwa. Ni mtoto aliyechoka, mwenye huzuni au asiye na nguvu tu. Ila uliza wanatumia chati gani, maana ziko zaidi ya moja. Kwenye ile ya Chuo Kikuu cha Yale, njano ni furaha na uchangamfu. Kwenye nyingine inayotumika sana, njano ni wasiwasi au kuhangaika. Mzazi asiyejua tofauti hiyo anaweza kushangilia pasipo pa kushangilia.

Somo lenyewe ni la wote. Jimbo letu la Illinois ndilo la kwanza Marekani kuliwekea viwango kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari, mwaka 2004. Watoto hufundishwa kutambua hisia, kuzituliza, kuwaelewa wenzao, kusuluhishana na kuamua kwa busara. Utafiti wa mwaka 2011 uliokusanya programu 213 na wanafunzi zaidi ya 270,000 ulikuta waliofundishwa hivi walipanda hata kwenye masomo ya kawaida. Kwa hiyo usimtoe.

Lakini hilo la macho usiliache lipite! Mtoto wetu anainamisha macho kwa adabu, ndivyo tulivyomlea, na mwalimu anasoma woga au kiburi. Mwambie kwamba sisi tunatofautisha haya na aibu. Mwenye aibu ana kitu anaficha. Mwenye haya amelelewa. Mwombe asimhesabie kuwa ni upungufu. Nimeona watoto wakiandikwa vibaya kwa sababu hakuna mzazi aliyekwenda kueleza, na inaniuma.

Kaka yake mwache nyumbani. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inaibana shule ikuletee mkalimani bila malipo, hata kwa njia ya simu. Piga leo, sema unataka wa Kiswahili. Mtoto hawezi kubeba maneno ya mdogo wake mbele ya wakubwa.

Kutoka: Baba Amani, Indianapolis

Mama Zuhura, mimi nakubaliana na Bi Mwanaidi, ila si kwa yote. Sisi tulitoka Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi. Mwanangu aliambiwa darasani aeleze kitu kinachomhuzunisha. Akaeleza tuliyoyaona njiani, mbele ya watoto wote. Wiki nzima hakusema neno, hata nyumbani. Muulize mwalimu: mtoto anaruhusiwa kukaa kimya zamu yake ikifika? Anaruhusiwa kuongea na mshauri pembeni? Kwetu sasa anaruhusiwa, lakini ilibidi niende mwenyewe kuomba.

Kutoka: Bi Mwanaidi, Aurora

Shemeji, umesema kweli, na nilipaswa kulitaja mimi. Hilo liwe swali la kwanza.

Kutoka: Mama Zuhura, Chicago

Nimerudi. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mama wa Mombasa, tukaelewana vizuri. Kunyamaza kunaruhusiwa, Baba Amani. Neno "haya" mwalimu kaliandika kwenye daftari lake, akaniomba nilitamke mara ya pili.

Kisha mshauri akamwita Zuhura, akamuuliza taratibu bluu yake inakaa wapi mwilini. Akashika tumbo. Kumbe chakula cha mchana shuleni amekuwa akikimwaga, anaogopa kuna nguruwe, na kuuliza aliona haya. Siku tatu mtoto wangu ameshinda na njaa, mimi nadhani amekula. Kuanzia kesho anabeba chapati na maharage, na shule itanitumia orodha ya vyakula vya wiki. Mwenye kujua chombo kinachotunza joto hadi saa sita aniandikie.