Mkate wa kumimina bila oveni: nina mchele, nazi na yai moja, nielekezeni

BintiMlimani: Wapendwa habari za jioni. Mama mkwe anashuka kutoka Tanga Jumamosi saa nne, na ameshasema kwenye simu kuwa mikate ya dukani imemchosha. Nataka nimpikie mkate wa kumimina, ila kwetu bara hatuujui. Mfuko umetoboka, sitaki kununua kitu. Nina vikombe viwili vya mchele, nazi moja, sukari, iliki, yai moja, na hamira iliyofunguliwa tangu Ramadhani. Blenda ipo. Oveni hakuna, nina jiko la mkaa na sufuria nzito. Moto ndio unaonitisha.

Mzee wa Vitumbua: Anza na hiyo hamira. Koroga kijiko cha chai kwenye maji vuguvugu na sukari kidogo. Dakika 10 zikipita hakuna povu, itupe, vinginevyo utamlisha mkwe wali wa kubanika.

Shuu_wa_Pwani: Shoga, mchele uloweke usiku kucha. Kamua tui la kwanza tu, zito, kikombe kimoja kinatosha. Tui la pili tia kwenye maharage. Saga mchele kwa hilo tui zito, na iliki na hamira, mpaka ukifikicha kwa vidole usisikie chenga. Uwe mzito. Sukari, robo tatu ya kikombe, tia mwishoni, maana ikiyeyuka inalegeza. Watu huishia kulaumu nazi bure.

MamaKhery: Mie huongeza kijiko cha wali uliopikwa wakati wa kusaga. Unakuwa laini.

Shuu_wa_Pwani: Unakuwa unanata, dada. Ute wa yai unatosha: upige utoe povu, uchanganye mkate ukishaumuka. Kiini mkaangie mtoto.

Fundi Makaa: Tuje kwenye moto. Sufuria ipake mafuta, ipate moto kwanza, ukimimina usikie "chwaa". Vitundu vitaanza pembeni vikielekea katikati. Funika, punguza makaa ya chini yabaki machache yaliyoshika majivu. Usifunuefunue. Juu ukishashikana, ukigusa haugandi kidoleni, ndipo upalie makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko ya chini. Wengi wanagawa sawasawa: chini unaungua, juu mweupe kama sabuni. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu epua.

BintiMlimani: Asanteni sana. Mfuniko wangu una kishikio cha plastiki, nao?

Fundi Makaa: Usithubutu! Funika kwa sinia la bati, makaa yapange pembeni zaidi, katikati machache.

MamaKhery: Na umeme wa siku hizi, saga alfajiri ukiwepo. Kwa joto hili saa moja inatosha kuumuka. Ukiusahau unachacha, halafu unadidimia katikati. Ukiiva uache upoe ndani ya sufuria ndipo uupindue, ukiwa moto unakatika.

Mzee wa Vitumbua: Mkwe wa Tanga huyo anaujua huu mkate kuliko sisi wote. Si umsubiri akupalie makaa mwenyewe?

BintiMlimani: Babu wee! Akute umeshakatwa uko kwenye sahani. Hamira nimeijaribu sasa hivi, imetoa povu.