Kuinua Hilux inchi 2: spesa, seti nzima au bodi lifti?

Pikapu_Kisauni: Salaam wadau. Gari ni Hilux Vigo dabo kebi ya dizeli, 4x4, tairi 265/65R17. Siku za kazi ni hapa Mombasa, Kisauni kwenda Changamwe na kurudi, nyuma tupu. Wikendi ni Kinango na njia za nyuma ya Shimba Hills: mawe, makorongo, na mvua ikinyesha ni tope. Mbele ina bulbaa (bampa nzito ya kinga) ya chuma, winchi ya kujivutia kwenye tope iko njiani. Nataka inchi 2. Nichukue spesa (vipande vya kuongeza urefu) za juu ya shoki, springi na shoki mpya kwa seti, au bodi lifti?

Fundi_Miritini: Bodi lifti iondoe kabisa. Inatenganisha bodi na chesi (fremu ya chini) tu. Difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu) na sampu ya mafuta ya injini zinabaki palepale, na jiwe la Kinango hugonga difu kabla ya kufika kwenye bodi.

Spesa ni rahisi kwa bei na haimalizi hata siku kuifunga. Ya milimita 25 juu ya shoki hupandisha mbele karibu milimita 50, yaani inchi 2, kwa kuwa shoki imefungwa katikati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, mbali na gurudumu lenyewe. Lakini springi ni zile zile ambazo bulbaa imeshazilaza. Tena gurudumu sasa linaning'inia chini kuliko lilivyopangiwa kiwandani. Hapo sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) inapinda sana, buti yake ya mpira inapasuka, grisi inamwagika na mchanga unaingia. Mkono wa juu nao huanza kugonga koili, yaani springi ya mbele.

Likoni4x4: Fundi, kwa gari isiyo na bulbaa na yenye shoki nzima, spesa si mbaya. Hata ile rampu ya feri maji yakitoka wakati wa bamvua, unapanda bila kukwaruza bampa. Ila kwa huyu ndugu nakubaliana nawe: seti.

Sasa sikiza hapa, ndugu yangu, maana ndipo wengi wanapotupa pesa. Springi hununuliwa kwa uzito, urefu unakuja wenyewe. Bulbaa ya chuma na winchi pamoja zaweza kukaribia kilo 100. Ukifunga springi za winchi na winchi hujaifunga, pua inapanda kupita kiasi, gari inakuwa ngumu na alaimenti (mpangilio wa magurudumu) haikubali. Kwa hivyo amua la winchi kwanza, ndipo uagize.

Nyuma ni kinyume. Muuzaji atakusukumia majani ya springi ya kubeba kilo 300 muda wote. Gari tupu yenye majani hayo hurukaruka kwenye kila tuta, na lami ikiwa na maji mkia unateleza. Chukua majani mepesi yaliyopindwa zaidi. Vipande vya chuma vya kuweka kati ya majani na eksili usivikubali: ukikanyaga mafuta kwenye mlima, eksili inajizungusha na majani yanajikunja.

Pikapu_Kisauni: Shukrani. Difu ya mbele je, ishushwe ili sivi jointi zisipinde sana?

Fundi_Miritini: Kwa milimita 40 hadi 50, kwa kawaida haina haja, ukiishusha unarudisha chini ile nafasi uliyoinunua. Ukipita 50 ndipo utahitaji mikono ya juu mipya, la sivyo kasta (pembe ya alaimenti inayotuliza usukani) haipatikani na usukani unatangatanga kwenye barabara kuu.

Kitu kinachosahaulika ni valvu ya breki ya nyuma inayosoma mzigo, ile yenye kifimbo kinachoshika eksili. Nyuma ikipanda, valvu inadhani gari ni tupu kuliko ilivyo, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Kishikio chake kiinuliwe kulingana na lifti. Angalia pia hozi za breki magurudumu yakining'inia: zisikazike. Ukisikia mtetemo wakati wa kuondoka, tazama beringi ya katikati ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma.

Mtwapa_Chumvi: Mmesahau kutu. Bolti za kamu kwenye mikono ya chini, zile za kurekebisha alaimenti, hapa Pwani hushikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Kichwa kinazunguka, bolti inasokota mpira wa bushi na haisogei. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu siku mbili tatu kabla ya kazi, na uwe na bolti mpya na bushi mkononi, kwa sababu nyingine zitakatwa kwa grainda. Mpya zipake grisi ya kuzuia kushikana.

Likoni4x4: Na fundi asiguse nati ya juu ya shoki kabla koili haijabanwa kwa klampu. Yule anayebana kwa kamba, ondoa gari yako.

Kabla ya kuanza, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. U-bolti zinazofunga majani kwenye eksili ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika. Bolti za bushi zikazwe gari ikiwa imesimama kwa tairi zake. Ukizikaza ikiwa juu ya jeki, mpira unabaki umesokotwa na utachanika. Kisha alaimenti, na taa zishushwe, maana zitampiga machoni anayekuja mbele. Baada ya kilomita 1,000 kaza U-bolti tena na upime urefu upya, springi huwa zimekaa.

Pikapu_Kisauni: Na tairi za 265/70R17 zitaingia?

Fundi_Miritini: Kipenyo kinaongezeka milimita 26.5, kwa hivyo difu inapanda kama 13 tu, na spidomita itasoma pungufu kwa takriban asilimia 3. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, gurudumu moja likiwa juu ya jiwe. Zikigusa, itakuwa plastiki ya ndani ya madigadi, upande wa mlango. Ipashe moto kidogo, uisukume nyuma, uifunge na skurubu.