Alama za waipa kwenye kioo cha mbele cha Land Cruiser ya zamani: kusugua au kubadili?

Ngarenaro_60
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Land Cruiser HJ60. Kioo cha mbele upande wa dereva kina alama za waipa zilizojikunja kama upinde, upana wa kiganja. Asubuhi hazisumbui. Jioni ukitoka Moshi kurudi Arusha, ukishapita Boma Ng'ombe jua linakuwa usoni na kioo kinageuka cheupe, lori la mbele hulioni. Kuna mstari mmoja ukucha unakwama. Dawa ya meno haijasaidia kitu. Fundi rangi anasema alete grainda na pasta ya bodi. Nimruhusu?

fundi_vioo
Usimruhusu. Grainda ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Kioo kinapata moto sehemu moja huku pembeni ni baridi, kinapasuka. Na pasta ya bodi kazi yake ni kula rangi, ambayo ni laini kuliko kioo, kwa hiyo utasugua hadi Krismasi.

Anza na usafi, maana ukungu mwingi ni nta ya kuoshea, moshi wa dizeli na chumvi ya maji. Gari iwe kivulini. Loweka kitambaa kwenye siki nyeupe, kilaze juu ya alama dakika 10, suuza. Paka maji ya sabuni, pitisha wembe mpya ukiwa umeulaza, halafu futa na spiriti. Stili waya ya sufuria iache jikoni.

Zikibaki alama ambazo ukucha haukwami, hizo zinasuguliwa. Unahitaji unga wa siriamu oksaidi, ule wa kung'arishia vioo, gramu 100, diski ya felti (sufi iliyoshindiliwa) ya inchi 3, na drili inayopunguzwa mwendo, isizidi mizunguko 1,500. Koroga unga na maji kidogo kidogo mpaka uwe kama mtindi mwepesi. Zungushia alama kwa kalamu ya wino upande wa ndani ili usizipoteze. Funika boneti, raba na matundu ya hewa kwa nailoni na tepu ya karatasi, kwani unga huo ukikauka kwenye raba hautoki kirahisi.

Lowesha felti kwanza. Fanya eneo la sentimita 30 kwa 30, diski ikiwa imelala yote, usitumie ukingo, na isitulie mahali pamoja. Nyunyiza maji kila unga unapoanza kukauka. Kila dakika mbili zima drili, gusa kioo kwa mgongo wa mkono: uvuguvugu sawa, ukishindwa kuuacha mkono hapo umeshachelewa, subiri kipoe chenyewe. Usikimwagie maji baridi! Eneo moja linaweza kula saa nzima, na fundi anayekuahidi dakika kumi anakuuzia mng'aro wa mafuta.

Ngarenaro_60
Asante mkuu. Na ule mstari wa ukucha?

Majengo_Moshi
Uache. Kuufuta ni kula kioo mpaka ufike chini yake, na hapo unachimba bonde. Bonde linapinda mwanga kama lenzi: angalia nguzo ya umeme huku ukisogeza kichwa, ukiona nguzo inacheza, kioo kimeharibika kuliko mwanzo. Kama mstari uko mbele ya macho ya dereva, badilisha. Penye tundu la kokoto pia usisugue, ufa utakimbia.

Bahati yako HJ60 kioo kimeshikwa na raba, si gundi. Raba mpya inavishwa kioo kwanza, kamba ya nailoni inazungushwa kwenye mfereji wa raba, maji ya sabuni, mmoja anasukuma kwa viganja kutoka nje na mwingine anavuta kamba akiwa ndani. Kabla ya hapo kwangua kutu ya fremu, hasa kona za chini, upake praima. Ukiruka hatua hiyo maji yataingia miguuni mvua ya kwanza.

Wenye Land Rover 109 wasihangaike na unga. Vile vioo viwili ni bapa, vinakatwa kwenye shiti. Hakikisha ni kioo cha matabaka mawili yaliyogandishwa kwa plastiki katikati, siyo cha dirisha la nyumba.

spana_malaya
Hakuna aliyegusa waipa yenyewe. Mkisugua na kurudisha raba ileile, alama zitarudi kabla ya vuli. Raba iliyokauka kwa jua inashika mchanga, na ikichanika chuma ndicho kinachokwangua. Huo mstari wa ukucha huenda umetoka hapo. Badilisha raba, kisha angalia mkono wa waipa: waipa ikiwa katikati ya kioo, raba isimame wima. Ikilala upande mmoja itaruka-ruka, upinde mkono taratibu kwa spana. Zibua vitundu vya maji kwa sindano, na kioo kikiwa na vumbi maji yatangulie, waipa ifuate.