Baba ameacha uvuvi, sasa hatoki nyumbani wala haongei na watu, tumsaidieje?

MwanaWaZiwa
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa nyie wa Kigoma mnaojua maisha ya mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Mzee wangu amevua ziwani toka kijana, kijiji chetu kipo kusini huko wilaya ya Uvinza. Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe 2024 ile miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, alikaa nyumbani kama wenzake wote, ila lilipofunguliwa hakurudi, akasema mgongo unamsumbua na usiku haoni vizuri, mtumbwi na nyavu akamuuzia mtu wa kijiji kingine. Mwanzoni tulifurahi maana kila upepo ukivuma tulikuwa hatulali.

Sasa hivi hatoki. Mama anasema anakaa nyuma ya nyumba toka asubuhi, ukimsalimia anaitikia basi, chakula anakigusa tu, usiku anaamka saa nane, muda ule ule waliokuwa wanavuta nyavu, anakaa gizani mpaka kunakucha. Msibani anaenda kwa sababu asipoenda watasema, lakini hata hajakaa vizuri kasharudi. Mimi nipo Dar, nimetuma hela, nimemnunulia simu kubwa nikaweka na bando ili tuongee tunaonana, hajaiwasha hata siku moja, kaiweka kabatini. Mdogo wangu anasema karogwa, mama anasema ni uzee. Naumia sana jamani, sijui nifanye nini.

TaaYaSola
Pole sana mdogo wangu. Mimi navua, nipo Kibirizi. Watu wa mbali wanaona uvuvi ni samaki tu lakini uvuvi ni watu. Giza likiingia mnatoka pamoja, mnawasha taa mnasubiri dagaa wapande, na hayo masaa ya kusubiri ndo mnaongea kila kitu, mtoto anaumwa, ada haijalipwa, mke kaenda kwao, yote yanaishia humo mtumbwini. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa hamwendi, mnakaa mwaloni mnashona nyavu na kucheza karata. Mzee wako kaishi hivyo miaka yote, alivyouza mtumbwi na wale watu wakaenda na mtumbwi.

Ndo maana simu haikusaidia. Hajazoea kuongea huku anaangaliwa usoni, kazoea kuongea mikono ikiwa na kazi. Kwetu kuna mzee aliacha kwa sababu ya miguu, tukaanza kumpelekea nyavu zilizochanika, na kweli tulikuwa tunamhitaji maana sisi vijana kushona wengi hatujui vizuri. Ukimpelekea kwa kumhurumia atajua mara moja. Sasa hivi mnamkuta barazani anatugombeza kwamba tunachana nyavu hovyo. Mtafute mtu aliyevua naye, mwambie aende na wavu.

MamaWawiliSikonge
Shikamooni wakubwa. Mimi nipo Tabora, Sikonge huku kwenye tumbaku, nyumba na nyumba ni mwendo. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo baba alipofariki. Matanga yakiwepo watu wamejaa, yakianuliwa kila mtu anarudi shambani kwake unabaki na ukimya. Kilichomtoa ni kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, na wala sio hela maana hisa zake ni mbili tatu tu, ni vile Jumamosi asipoonekana wanatuma mtu amfuate. Alikataa mara nyingi mwanzoni, jirani akawa anapita tu anakaa naye, hata wasiongee, anachambua maharage yake anaondoka. Na wewe kaka, mama yako umemuuliza yeye anaendeleaje? Kukaa na mtu wa hali hiyo kunachosha sana.

NesiKasulu
Naongezea kidogo, mimi ni nesi zahanati ya kijijini. Kutolala, kutokula, kuacha vitu alivyovipenda, hali hiyo ikikaa wiki mbili mfululizo mpelekeni akaonwe, inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, na sonona inatibika. Macho nayo yaangaliwe, kama ni mtoto wa jicho anafanyiwa upasuaji anaona tena, wazee wengi wanajificha ndani kumbe hawawatambui watu njiani wanaona aibu. Anzeni kituo cha karibu, ikibidi watampa rufaa ya hospitali ya Maweni pale Kigoma mjini.

Halafu muulizeni, kwa upole lakini waziwazi, kama anawaza kufa au kujidhuru. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampa wazo, sio kweli, wengi wanashukuru kuulizwa. Akisema ndiyo asiachwe peke yake hata dakika, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Kuhusu kurogwa sitabishana na mdogo wako, aombe dua yake ila asizuie mzee kwenda kituoni. Zimbabwe nao wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, sawa na sisi tunavyosema mtu ana mawazo. Kule daktari Dixon Chibanda toka 2006 aliwafundisha bibi wa mtaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki wakamsikiliza na kutafuta naye tatizo moja la kuanza nalo, na utafiti ulionyesha watu walipata nafuu kweli. Mimi hiyo huwa nawaambia sana wanakijiji, maana bibi na benchi hata huku vipo.

MwanaWaZiwa
Asanteni sana, nimesoma yote. Nimempigia mama nikamuuliza hali yake yeye, akalia, kumbe sijawahi kumuuliza. Nikampata na mzee aliyevua na baba, anasema alidhani baba kamkasirikia ndo maana kauza mtumbwi bila kumwambia, kwa hiyo na yeye akaacha kupita. Kesho kutwa anaenda, nyavu za kushona anazo nyingi. Nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa napanda basi, nitampeleka kituoni mwenyewe. Lile swali ulilosema nesi, baba nitamuuliza nikiwa nimekaa naye pale nyuma ya nyumba, kwenye simu sitaweza.